Nikola Tesla, gwiji aliyekipa chombo masikio

UKISIMAMA ufuoni Kililana wakati wa maji kupwa, utaona mambo mawili yaliyoachana mno kwa umri. Upande mmoja ni bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 20, 2021, na ambako bahari ilichimbwa hadi kina cha mita 17.5 ili meli kubwa zipate kukaribia. Upande wa pili ni watoto wa wavuvi, magoti ndani ya maji, wakisukuma vijidau vya ubao vyenye matanga ya vitambaa vikuukuu.

Kila aliyewahi kuchonga kijidau utotoni anaifahamu huzuni ya kukiona kikichukuliwa na mkondo. Chombo kikishatoka mkononi hakikusikii tena. Utakiita, utakifokea, utarusha mawe upande wa pili ili viwimbi vikirudishe, lakini chenyewe huenda kinakopelekwa na maji.

Yule aliyeiondoa huzuni hiyo hakuwa mtu wa pwani. Alizaliwa milimani, Julai 10, 1856, katika kijiji cha Smiljan, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya himaya ya Austria na leo kimo nchini Kroashia. Jina lake ni Nikola Tesla, mwana wa kasisi wa Kiorthodoksi wa kabila la Waserbia.

Mamake, Georgina, hakujua kusoma wala kuandika, lakini alihifadhi moyoni mashairi marefu ya mashujaa wa kwao na alikuwa fundi wa kujitengenezea vifaa vya nyumbani. Msomaji wa Lamu hatalistaajabia jambo hilo. Takriban wakati huo huo, mwaka 1858, Mwana Kupona alikuwa akimtungia bintiye utendi katika visiwa hivi hivi, na akina mama wengi waliokuja kuuhifadhi waliupokea kwa sikio. Tesla hakuchoka kusema kwamba kipaji chake cha kubuni alikirithi kwa mamake.

Masomo yake ya chuo mjini Graz hakuyamaliza. Aliyaanza kwa bidii ya kutisha mwaka 1875, kisha yakaharibika, kamari ikiwa sehemu ya sababu. Akafanya kazi ya simu mjini Budapest, akaajiriwa Paris na kampuni ya Edison, na mnamo Juni 1884 akashuka New York akiwa na senti chache mfukoni. Kwa Edison mwenyewe hakudumu hata mwaka. Baadaye alifikia hatua ya kuchimba mitaro ili apate chakula.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1888, pale mota yake ya mkondo geu iliponunuliwa na George Westinghouse. Mkondo geu ni ule umeme unaobadilisha mwelekeo wake mara nyingi kwa sekunde, na sifa yake kuu ni kuwa waweza kupandishwa nguvu kwa transfoma, ukasafirishwa mbali, kisha ukashushwa tena mwisho wa safari. Mwaka 1896 mji wa Buffalo ulianza kupokea umeme kutoka maporomoko ya Niagara kwa njia hiyo. Umeme wa gridi unaofika Lamu leo kutoka Rabai kupitia Garsen, kwa nyaya za kilovolti 220, hufuata kanuni ile ile. Habari hizi zimesimuliwa mara nyingi na si lengo letu kuzirudia. Kisa cha mashua ndicho kinachosahauliwa.

Machi 13, 1895 maabara yake mjini New York iliteketea kwa moto pamoja na kazi ya miaka mingi. Mtu mwingine angekata tamaa. Tesla alikodi mahali pengine katika barabara ya East Houston, na humo akaunda kijimashua cha kuchezea, kwa kutazama tu, chenye urefu wa zaidi kidogo ya mita moja.

Ndani yake mlikuwa na betri, mota ya kuzungusha rafadha, mota nyingine ya kugeuza usukani, na taa ndogo. Siri ilikuwa katika kikopo chenye unga wa metali. Kwa kawaida unga huo huzuia umeme kupita. Mawimbi ya redio yakiupiga, chembe zake hushikana na umeme ukapata njia. Mara tu amri ilipopokewa, kikopo kilipinduliwa ili chembe ziachane na kuwa tayari kwa amri nyingine.

Hapo ndipo ustadi wake unapoonekana. Ishara ya redio ya siku hizo haikuweza kusema kushoto wala kulia. Iliweza kusema neno moja tu, nalo ni kuwa imefika. Kwa hiyo Tesla alitumia kisahani kilichosogea hatua moja kila ishara ilipofika, na kila hatua iliunganisha nyaya kwa namna yake: usukani uende upande huu, urudi katikati, uende upande wa pili. Nahodha aliyesimama nchi kavu ilimbidi ahesabu hatua kichwani, kama mwenye kuvuta tasbihi.

Hataza namba 613,809 ilitolewa Novemba 8, 1898. Mwaka huo huo aliionyesha mashua hiyo mjini New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden, ikielea ndani ya hodhi. Inasimuliwa kwamba watazamaji walidhani ni uchawi, au kwamba mna nyani aliyefunzwa ndani yake. Tesla, ambaye hakuchukia maigizo, aliwaacha waiulize mashua maswali ya hesabu, nayo ikajibu kwa kuwakawakisha taa. Kipeuo cha tatu cha 64 kilipoulizwa, taa iliwaka mara nne. Kwa maoni yangu mzaha huo ulimdhuru. Mtu akitaka serikali zimsadiki, asianze kwa mazingaombwe.

Maana serikali ndizo alizozilenga. Februari 15 mwaka huo manowari ya Marekani iitwayo Maine ilikuwa imelipuka katika bandari ya Havana, na kufikia Aprili Marekani na Uhispania zilikuwa vitani. Tesla aliamini kwamba chombo kisicho na mtu, chenye baruti tumboni, kingevifanya vita viwe vya kuogofya kiasi cha kuachwa. Jeshi la majini halikununua. Na kuhusu kuachwa kwa vita, tunaoishi leo tunajua kwamba alikosea.

Hakukoma kwa mashua ya juu ya maji. Katika maelezo ya maisha yake aliyoyachapisha mwaka 1919, alieleza jinsi alivyounda nyingine, kubwa zaidi, iliyozibwa isiingize maji na yenye uwezo wa kuzama. Tatizo lilikuwa mlingoti wa kunasia mawimbi, kwani nyambizi yenye mlingoti unaochungulia ina manufaa gani? Aliuondoa, akazungusha nyaya mara kadhaa ndani ya kiwiliwili chenyewe. Huyo ndiye babu wa kila nyambizi ya kuchezea inayoongozwa kwa redio, iwe imenunuliwa dukani au imeundwa uani.

Kijana wa Kililana atakayeamua kuunda ya kwake nyumbani atakutana na maswali yale yale. Bomba la plastiki la maji lafaa kuwa kiwiliwili. Likiwa na ujazo wa lita mbili, chombo kizima sharti kiwe na uzito wa karibu kilo mbili, la sivyo kitakataa kuzama au kitakataa kuibuka. Uzito huwekwa chini, kama farumi ya jahazi, kisije kikapinduka. Bomba la sindano kubwa, likivutwa na mota ndogo, huingiza maji kiasi na chombo kikashuka. Likisukumwa, maji hutoka na chombo kikapanda.

Ila asikipeleke moja kwa moja baharini. Kwanza, maji ya chumvi ni mazito zaidi, na chombo hicho cha lita mbili kitadai takriban gramu 50 za ziada. Pili, na hili ndilo kubwa, chumvi humeza mawimbi ya redio. Masafa ya megahezi 27 au 40 hupenya mita kadhaa za maji matamu, lakini yale ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na vidude vingi vya kisasa hukatika karibu tu na uso wa maji, na katika maji ya bahari hata yale ya awali hayafiki mbali. Manowari halisi za kuzama hutumiwa ujumbe kwa mawimbi marefu mno, yanayohitaji mitambo mikubwa ya nchi kavu. Hodhi la maji ya mvua ndilo shule bora, mradi si lile wanalonywa watu. Wenye kujua huweka pia kipande cha sponji ngumu ndani ya kiwiliwili, ili maji yakivuja ndani yasikijaze chombo chote.

Tesla hakufaidi chochote kutokana na mashua zake. Mwaka 1901 alianza kujenga mnara mkubwa wa mawasiliano huko Wardenclyffe, kwa fedha za tajiri J. P. Morgan, dola 150,000. Fedha zikaisha, Morgan akakataa kuongeza, na mnara ukabomolewa mwaka 1917. Hataza ya mashua ilikuwa imemaliza muda wake miaka miwili kabla, pasipo mnunuzi. Mwaka ule ule wa kubomolewa mnara, Ujerumani ilikuwa ikirusha dhidi ya meli za Uingereza mashua zisizo na mtu, zilizoongozwa kwa waya.

Uzeeni alihama hoteli hadi hoteli, akiacha madeni nyuma yake na kuwalisha njiwa wa mjini. Alifariki peke yake Januari 7, 1943, katika chumba namba 3327 cha Hoteli New Yorker, akiwa na umri wa miaka 86. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Miezi mitano baadaye, Juni 21, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha sehemu ya madai ya kampuni ya Marconi juu ya uvumbuzi wa redio, ikizitaja kazi zilizotangulia, za Tesla zikiwemo. Majivu yake yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Belgrade, ndani ya tufe la rangi ya dhahabu.