Paderewski: Mpiga Piano Aliyekabidhiwa Taifa

Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia, huzuka mjadala ule ule: mwimbaji, mwigizaji au mwanasoka ana haki gani ya kuomba kura? Wapo wanaomcheka na kumtaka arejee jukwaani alikozoea. Wapo pia wanaomchagua kwa sababu tu jina lake li vinywani mwa watu. Makundi yote mawili yangefaidika kwa kuyatazama maisha ya Ignacy Jan Paderewski, mpiga piano aliyekuwa Waziri Mkuu wa Poland mnamo 1919.

Paderewski alizaliwa Novemba 1860 katika kijiji cha Kuryłówka, jimbo la Podolia, ambalo siku hizi limo nchini Ukraine. Wakati huo Poland haikuwako katika ramani ya dunia. Urusi, Prusia na Austria zilikuwa zimeigawana mara tatu, na mgao wa mwisho, ule wa 1795, haukubakisha kitu. Mamaye alifariki yeye akiwa angali mchanga. Wapolandi walipoasi utawala wa Urusi mnamo 1863, babaye alitiwa mbaroni. Hivyo mtoto huyo aliionja shubiri ya kutawaliwa kabla hajajua kusoma.

Akiwa na umri wa miaka 12 alijiunga na chuo cha muziki cha Warsaw, akahitimu mwaka wa 1878. Alioa mnamo 1880, lakini mkewe alifariki mwaka huo huo baada ya kujifungua, akamwachia mtoto wa kiume aliyeishi na ulemavu hadi alipofariki mwaka wa 1901. Kijana huyo mjane alifunga safari hadi Vienna mnamo 1884 ili afunzwe na Theodor Leschetizky, mwalimu aliyesifika kote Ulaya. Mwalimu alihofu kwamba mwanafunzi amechelewa, kwani samaki hukunjwa angali mbichi, naye alikuwa na miaka 24. Paderewski hakukata tamaa. Alirudia mazoezi ya mwanzo kabisa, saa baada ya saa, kama mtoto anayefunzwa alifu.

Jitihada hizo zilizaa matunda. Mnamo 1888 alitumbuiza Paris, mwaka wa 1890 akatua London, na mwaka uliofuata akaiteka New York katika ukumbi wa Carnegie, uliokuwa umefunguliwa mwaka huo huo. Katika ziara hiyo ya kwanza ya Marekani alipiga piano zaidi ya mara 100. Kumbi zilijaa pomoni, naye akawa miongoni mwa wanamuziki waliolipwa fedha nyingi zaidi enzi hizo.

Swali la maana ni hili: fedha hizo alizifanyia nini? Mnamo 1910 aligharimia mnara mkubwa mjini Kraków, kuadhimisha miaka 500 tangu vita vya Grunwald ambapo Wapolandi na Walithuania waliwashinda mashujaa wa dola ya Kijerumani. Kwa taifa lisilo na serikali wala bendera, mnara huo ulikuwa tangazo kwamba wangali hai. Vita Vikuu vya kwanza vilipozuka, yeye na mwandishi Henryk Sienkiewicz waliunda nchini Uswisi kamati ya kuwasaidia waathiriwa wa vita nchini kwao. Kisha akavuka bahari hadi Marekani, akawa kabla ya kupiga piano huwahutubia wasikilizaji kuhusu mateso ya Poland. Alijenga urafiki na Edward House, mshauri wa Rais Woodrow Wilson. Januari 1918 Wilson alipotangaza shabaha zake 14 za amani, ya 13 ilidai Poland iliyo huru na yenye njia ya kufika baharini.

Desemba 1918 Paderewski aliwasili Poznań, na siku iliyofuata wakazi wakainuka dhidi ya Wajerumani. Januari 1919 akawa Waziri Mkuu na vilevile Waziri wa Mambo ya Nje, Józef Piłsudski akiwa Mkuu wa Dola. Tarehe 28 Juni alitia saini Mkataba wa Versailles kwa niaba ya nchi ambayo alipozaliwa haikuwako.

Hata hivyo, kutawala si sawa na kushangiliwa. Nchi ilikuwa na njaa, vita mipakani, na sheria zilizorithiwa kutoka dola tatu tofauti. Vyama bungeni vilivutana, naye akalaumiwa kwa kutoimudu kazi ya ofisini. Desemba 1919 alijiuzulu, kabla hata ya kutimiza mwaka. Hakung'ang'ania kiti. Mnamo 1922, akiwa amepita miaka 60, alirejea jukwaani kuchuma riziki kwa vidole vyake.

Poland ilipovamiwa tena mnamo 1939, mzee huyo aliitika wito. Mwaka uliofuata alikubali kuongoza Baraza la Taifa la Wapolandi walio uhamishoni. Alifariki New York tarehe 29 Juni 1941 na kuzikwa katika makaburi ya Arlington, hadi mwaka wa 1992 mabaki yake yaliporejeshwa Warsaw.

Maisha haya yanawasuta wanaodhani msanii hana nafasi katika siasa. Yanawasuta pia wanaodhani umaarufu unatosha. Sifa zake zilimfungulia milango ya wakubwa, lakini kilichompa haki ya kusema kwa niaba ya watu wake ni miaka mingi ya kuwatumikia kwa mali na jasho lake, bila cheo chochote. Na hata utumishi huo haukumfundisha kuendesha serikali. Basi msanii anapotuomba kura, tusimwulize ana mashabiki wangapi. Tumwulize alitufanyia nini kabla ya kutuhitaji, anajua nini kuhusu kazi anayoiomba, na kama ikimshinda, atakuwa tayari kuondoka?