Herb Carnegie: Kinda wa Young Rangers aliyefungiwa mlango wa NHL kwa rangi yake

Mtoto wa Tangini, pale Kibaha, barafu anaijua ile ya kwenye mfuko, ya kunyonya mchana jua likiwaka. Ukimwambia kuna nchi ambako maji ya bwawa yanaganda mpaka watoto wanacheza mechi juu yake, atakutazama mara mbili.

Kanada ndiyo nchi hiyo. Na ni kwenye mabwawa ya namna hiyo, nje kidogo ya jiji la Toronto, ambako Herb Carnegie alijifunza mchezo wa magongo ya barafu. Alizaliwa Novemba 8, 1919, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Jamaica. Mtaani kwao, Willowdale, familia za watu weusi zilikuwa za kuhesabu.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe: wachezaji ni sita kila upande, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma chini, mkononi kila mmoja ana gongo. Mpira hakuna. Kuna kisahani kigumu cheusi cha raba, na ukikizubaa kinakutoa meno. Kasi yake ni balaa.

Herb na kaka yake Ossie walikuwa mafundi tangu wakiwa watoto. Usiku waliusikiliza mchezo huo redioni, asubuhi wakaenda kuyajaribu waliyoyasikia. Herb alitaka kucheza NHL, ligi kubwa kuliko zote. Baba yake hakumficha: alimwambia mapema kwamba kule mtoto mweusi hawamchukui. Kijana akaendelea tu.

Msimu wa 1938/39 alikuwa amefika Toronto Young Rangers, timu ya vijana iliyoshiriki ligi ya jimbo la Ontario. Tusizidharau timu za vijana za Kanada. Kwa wenzetu hawa, timu ya vijana ndiyo ngazi yenyewe. Mabosi wa klabu kubwa wanakaa jukwaani wanachagua, na ukipita hapo bila kuonekana, umri unakukimbia. Young Rangers walikuwa wanafanyia mazoezi Maple Leaf Gardens, uwanja wa Toronto Maple Leafs, klabu ambayo nusu ya watoto wa Toronto walilala wakiiota.

Siku moja ya mazoezi, bosi wa Maple Leafs, Conn Smythe, alikuwa juu jukwaani anatazama. Kocha wa vijana, Ed Wildey, akamwita Herb na kumweleza alichosema mkubwa huyo: kwamba angemsajili kesho yake, kama tu angepatikana mtu wa kumgeuza awe mweupe.

Herb alikuwa hajatimiza miaka 20. Maneno yale hakuyasikia kwa masikio yake kutoka kwa Smythe, aliyapata kwa kocha wake, na ndivyo alivyoyasimulia hadi uzeeni. Kwenye simulizi zilizofuata dau nalo likaingia, dola 10,000 kwa atakayeweza kazi hiyo. Uwe ulikuwa utani au la, jibu lilikuwa limeshatoka. Kijana mwenye kipaji, uwanja uleule, bosi akiwa na kalamu mfukoni, na kilichokosekana si mguu wala jicho la kuona pasi.

Akaenda kutafuta mkate kwingine. Kaskazini mwa Ontario na Quebec kulikuwa na migodi ya dhahabu, na migodi ilikuwa na timu. Unacheza, kampuni inakupa kazi. Ni mambo yaleyale ya timu za mashirika na viwanda tunayoyajua hapa nchini, kama Reli ya Morogoro au Mtibwa Sugar enzi zao. Huko migodini Herb na Ossie wakaungana na Manny McIntyre, mweusi mwenzao kutoka New Brunswick.

Watatu hao wakapangwa safu moja ya mbele, Herb katikati, Ossie na Manny pembeni. Watu wakawaita Black Aces, na viwanja vikajaa kuwatazama. Wengine walikuja kwa ajili ya kushangaa watu weusi juu ya barafu, hilo lisifichwe. Wakishafungwa mabao matatu nyumbani kwao, mshangao unabadilika.

Kutoka migodini walihamia miji ya Quebec, Shawinigan kisha Sherbrooke. Huko Herb alichaguliwa mchezaji bora wa ligi ya jimbo mara tatu mfululizo, 1946, 1947 na 1948. Msimu wa 1947/48 peke yake alifunga mabao 48 na kutoa pasi za mabao 79 katika mechi 56. Takwimu za namna hiyo kwa mchezaji mwingine yeyote zingeleta gari la klabu kubwa mlangoni. Ossie na Manny msimu huo walikuwa wamevuka bahari kwenda kucheza Paris, Ufaransa.

Gari la Herb lilikuja mwaka 1948, na lilikuja nusu. New York Rangers, moja ya timu sita tu zilizokuwa NHL wakati ule, walimwita kambini kwa majaribio. Jackie Robinson alikuwa ameshavunja ukuta kwenye besiboli ya Marekani mwaka uliotangulia, kwa hiyo matumaini yalikuwepo.

Akafanya vizuri. Wakamletea mkataba wa kwenda Tacoma, timu ya chini, dola 2,700 kwa msimu. Akakataa. Wakapandisha hadi St. Paul, 3,700. Akakataa. Wakaja na New Haven, ngazi moja tu chini ya timu kubwa, dola 4,700. Na huku akina Rangers wakimwambia apitie huko kwanza, ajulikane, halafu wataona.

Kule Sherbrooke alikuwa analipwa dola 5,100. Alikuwa na umri wa miaka 28, mke wake Audrey na watoto wadogo nyumbani. Wanamtaka akubali pesa kidogo zaidi, aende kuanza upya na vijana, kwa ahadi ya kuona tu. Alirudi Quebec.

Hapa ndipo ubishi ulipo mpaka leo. Wapo wanaosema angekubali New Haven, miezi sita tu, angekuwa mtu mweusi wa kwanza NHL. Inawezekana. Lakini Robinson naye alianzia timu ya chini akiwa na mwenye klabu aliyekuwa ameamua kabisa kumpandisha. Herb hakuwa na mtu wa hivyo New York. Kumlaumu baba wa watoto kwa kukataa kupunguziwa mshahara ni rahisi ukiwa umekaa kwenye kochi.

Alihamia Quebec Aces, na huko akacheza na kinda mmoja mrefu, Jean Béliveau, ambaye baadaye alitwaa Kombe la Stanley mara 10 akiwa mchezaji wa Montreal Canadiens. Béliveau alikuwa anamsifu Carnegie hadharani hadi uzeeni, akimweka kati ya viungo bora aliowahi kuwaona. Kocha wao alikuwa Punch Imlach, naye zao la Young Rangers. Imlach alikwenda kuifundisha Maple Leafs na kubeba nayo makombe manne miaka ya 1960. Wale wawili wakapita mlango ule. Wa tatu hakupita.

Carnegie alitundika viatu mwaka 1954. Miaka minne baadaye, Januari 18, 1958, Willie O'Ree aliingia uwanjani Montreal na jezi ya Boston Bruins, mweusi wa kwanza NHL. Naye alifika akiwa na siri: jicho lake la kulia lilikuwa limepofuka baada ya kupigwa na kisahani akiwa timu ya vijana, na hakumwambia mtu. Maple Leafs wenyewe walisubiri mpaka msimu wa 1986/87 kumvalisha jezi mchezaji mweusi, Val James. Smythe alikuwa ameshafariki.

Herb hakukaa akilalamika barazani. Mwaka 1955 alifungua Future Aces, miongoni mwa shule za kwanza kabisa za mchezo huo Kanada. Watoto wa rangi zote walikuja kujifunza kuteleza, kutoa pasi na kuheshimu mwenzako. Aliandika pia maadili ya kufuata, na yakaingia mashuleni. Mwaka 1987 familia ikaanzisha mfuko wa kusomesha vijana kwa jina hilohilo.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa ushauri wa uwekezaji, na huko nako akafanikiwa. Halafu akageukia gofu, akawa bingwa wa wazee wa Kanada mwaka 1977 na 1978. Maisha yake aliyaandika kitabuni, jina la kitabu kwa Kiswahili ni kama Nzi kwenye Ndoo ya Maziwa. Uzeeni macho yalimwishia. Alipewa nishani ya taifa ya Kanada mwaka 2003, na uwanja wa barafu wa eneo alilokulia ukapewa jina lake.

Alifariki Machi 9, 2012, akiwa na miaka 92. Jumba la Mashujaa wa mchezo huo, ambalo liko palepale Toronto, lilikuwa bado halijamwingiza. Lilimwingiza Novemba 2022, miaka 10 baada ya kumzika, na likamweka kwenye kundi la wajenzi wa mchezo. Kwenye kundi la wachezaji, jina lake halimo.