Rong Guotuan, Kijana wa Duka la Samaki

Wafanyakazi wa Mwanza wanaoshusha samaki pale Mwaloni, Kirumba, kabla jua halijachomoza, hawana haja ya kuelezwa jinsi kazi hiyo ilivyo. Miguu hushinda majini, magamba hukauka mikononi, na ile harufu haitoki nguoni hata baada ya kufua mara mbili. Leo twapenda kuwasimulia habari za kijana aliyefanya kazi ya namna hiyo mbali sana na Ziwa letu, katika mji wa Hong Kong, ambaye baadaye aliiletea Jamhuri ya Watu wa Uchina ubingwa wake wa kwanza wa dunia katika michezo yote. Jina lake ni Rong Guotuan. Wachina hutanguliza jina la ukoo, basi sisi nasi tutamwita Rong.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti, 1937. Hong Kong wakati ule ilikuwa koloni la Mwingereza, na ukoo wake asili yao ni Zhuhai, upande wa bara ya Uchina. Baba yake alifanya kazi melini, naye alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi. Nyumba ilikuwa ya kimaskini. Mtoto aliacha shule mapema, akaingia katika duka la samaki kutafuta riziki. Na katika kazi ile ya unyevu na baridi kifua chake kikashikwa na ugonjwa, kifua kikuu, uliomfuata kwa miaka mingi.

Furaha yake ilikuwa moja tu, nayo ni mpira wa meza. Alicheza katika klabu ya vyama vya wafanyakazi, mahali ambapo baharia na kuli waliweza kuingia bila kuulizwa wamevaa nini. Vyama vile viliipenda serikali mpya ya Beijing, na kila tarehe 1 Oktoba viliadhimisha sikukuu ya Jamhuri. Rong alikwenda akacheza katika sherehe hizo, na kwa sababu hiyo akapoteza kazi yake dukani. Wenzake wa chama hawakumtupa. Walimpa kazi katika klabu yao, ya kutunza vitabu na kucheza na wanachama waliotaka kujifunza.

Wazee wetu wa kando ya Ziwa wataelewa jambo hili upesi. Katika miaka hiyo hiyo, tangu mwishoni mwa 1954 hata 1958, serikali ya Mwingereza iliizuia TANU isifanye kazi katika Jimbo la Ziwa, na mtu aliyejulikana kuwa wa chama aliweza kupata taabu kazini mwake. Mtawala alikuwa yule yule, na hofu yake ilikuwa ile ile.

Mchezo wenyewe wahitaji maelezo machache kwa ajili ya wale wasioucheza. Mwandishi wa makala hii alijifunza katika shule ya misheni, juu ya meza mbili za kulia chakula zilizounganishwa, na kwa muda mrefu alidhani kwamba ashindaye ni yule apigaye kwa nguvu kuliko mwenziwe. Rong alikuwa mwembamba na mgonjwa, nguvu za kujivunia hakuwa nazo. Alishika kibao kama mtu ashikavyo kalamu, na siri yake ilikuwa katika kuanzisha mpira. Kwa mkono uleule na mwendo uleule aliweza kuupa mpira mzunguko wa namna mbili zilizo kinyume, hata aliyesimama mbele yake hakujua ni upi unaokuja mpaka umekwisha kumponyoka kibaoni. Kisha alibadili: mara mpira wa haraka, mara wa polepole, mara kulia, mara kushoto. Alicheza kama mvuvi ajuaye upepo, wala hakupoteza jasho bure.

Mwaka 1957 alishinda mashindano ya Hong Kong. Katika mwaka huo huo timu ya Japani ilipita hapo, na pamoja nao Ogimura Ichiro, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1954 na tena 1956. Rong alimshinda mbele ya watu. Kijana wa miaka kumi na tisa, mtunza vitabu wa klabu ya wafanyakazi, alimshinda mtu ambaye Asia nzima ilimwogopa.

Basi mwezi wa Novemba, 1957, alivuka mpaka akaenda Guangzhou. Hakuna aliyemlazimisha. Angaliweza kubaki Hong Kong, au kuuza ufundi wake kwingineko. Lakini alikwenda kwa hiari yake, pamoja na kifua chake kibovu, katika nchi iliyokuwa bado inajijenga. Twaomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana baadaye litageuzwa kuwa kosa lake. Madaktari wa Guangzhou walimtibu, na chakula alikipata. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa wanamichezo, alisimama akaahidi kwamba ataupata ubingwa wa dunia kabla ya miaka mitatu kwisha. Wako waliocheka. Wengine walisema kijana huyu wa Hong Kong ana majivuno. Kusema kweli, nasi kama tungalikuwapo tungalicheka, kwa maana hakuna Mchina aliyekuwa amewahi kupata ubingwa wa dunia katika mchezo wowote.

Mashindano ya dunia ya 1959 yalifanyika Dortmund, Ujerumani ya Magharibi. Wachina walikuwa na wachezaji kadhaa, nao walianguka mmoja mmoja, mpaka akabaki Rong peke yake. Katika nusu fainali alimtoa Mmarekani Dick Miles. Tarehe 5 Aprili alikutana na Ferenc Sido wa Hungaria, bingwa wa dunia wa mwaka 1953, mtu mwenye mwili mkubwa, aliyemzidi umri kwa miaka kumi na minne na kwa mambo mengi ya uwanjani. Sido alichukua mchezo wa kwanza. Lakini mwili mkubwa huchoka kukimbia kutoka pembe hii ya meza hadi ile, na hapo Rong alipata njia yake. Alimvuta huku na huku, akachukua michezo mitatu iliyofuata, na ubingwa ukawa wake. Katika ile miaka mitatu aliyoahidi, ulikuwa umepita kama mmoja tu.

Uchina ilikuwa inatimiza miaka kumi ya Jamhuri yake. Waziri Mkuu Zhou Enlai alisema furaha zimekuwa mbili, na mipira ya meza iliyokuwa ikitengenezwa Shanghai ikapewa jina hilo, Double Happiness, yaani furaha maradufu. Jina hilo liko hata leo juu ya mipira na meza zinazouzwa ulimwenguni kote, na wengi wanaozichezea hawajui kwamba moja ya furaha hizo mbili ilikuwa ya kijana wa duka la samaki.

Mwaka 1961 mashindano ya dunia yalikuja Beijing penyewe, katika Ukumbi wa Michezo wa Wafanyakazi uliojengwa kwa ajili yake, wenye nafasi ya watu 15,000. Ilikuwa miaka ya njaa kali. Mipango ya kuruka mbele kwa haraka iliyoanza mwaka 1958 ilikuwa imeharibika, na watu wengi sana walikufa vijijini. Jambo hili halikusemwa wazi wakati ule, nasi hatuna sababu ya kulificha sasa. Katika ukumbi ule timu ya wanaume ya Uchina ilikutana na Japani kwa ubingwa wa timu. Rong hakuwa katika hali yake. Alikwisha kushindwa mara mbili jioni ile, na mtu mwingine angaliomba kupumzishwa. Uchina ilipofikia ushindi wa nne kwa mitatu, zamu ilikuwa yake tena, dhidi ya Hoshino. Alishinda, na kwa mara ya kwanza kombe la timu za wanaume likawa la Uchina. Katika mashindano hayo hayo kijana mwingine, Zhuang Zedong, alitwaa ubingwa wa mtu mmoja mmoja, nao akaushika mara tatu mfululizo. Mlango aliokuwa ameufungua Rong ulipitwa na wengi.

Hakukasirika kupitwa. Alipewa kuwafundisha wanawake, na hapa ndipo sisi twaona ukubwa wake hasa, kuliko hata kule Dortmund. Katika mashindano ya Ljubljana ya mwaka 1965, fainali ya timu za wanawake ilikuwa tena juu ya Wajapani, nao walikuwa wamejiandaa kupambana na mashambulizi ya Kichina. Wachina wakawaweka mezani Lin Huiqing na Zheng Minzhi, wasichana wawili wa kujihami, warudishao kila mpira kwa subira mpaka mshambuliaji achoke mwenyewe. Wajapani hawakupata hata mchezo mmoja wa ushindi kati ya mitatu. Kocha aliyefanya hivyo alikuwa na moyo wa kukubali lawama iwapo mambo yangeharibika.

Mwaka mmoja baadaye yalianza yale yaliyoitwa Mapinduzi ya Utamaduni. Shule zilifungwa, Walinzi Wekundu wakashika barabara, na kila mwenye jina akatakiwa aeleze alilipataje. Mashindano ya dunia ya 1967 Uchina haikwenda, wala yale ya 1969. Jemadari He Long, aliyekuwa mkuu wa halmashauri ya michezo ya taifa, aliangushwa, akafa kizuizini mwaka 1969. Mwezi wa Mei, 1968, ilitoka amri ya kuuweka uongozi wote wa michezo chini ya jeshi, ikisemwa kwamba wanamichezo wamejifanyia ufalme wao.

Katika timu ya mpira wa meza walikuwamo watatu waliotoka Hong Kong: Fu Qifang, kocha wa wanaume, Jiang Yongning, aliyewahi kuwa bingwa wa taifa, na Rong. Watatu hawa waliitwa majasusi. Ushahidi ulikuwa nini? Kwamba walitoka Hong Kong. Safari ile ya 1957, aliyoifanya kwa kuipenda nchi yake, sasa ilisomwa kinyume, kana kwamba alitumwa. Walitukanwa na kudhalilishwa mbele ya wenzao. Fu alijiua mwezi wa Aprili, Jiang mwezi wa Mei, na tarehe 20 Juni, 1968, Rong naye akajiua, akiwa na umri wa miaka thelathini. Aliacha mke na binti mdogo. Aliacha pia karatasi iliyosema kwamba yeye si jasusi.

Mwezi huo huo wa Juni, 1968, Rais wetu, Mwalimu Nyerere, alikuwa Beijing kwa ziara yake ya pili, akapokewa kwa heshima kubwa, na urafiki wa nchi zetu ukazidi kukua hata tukapata reli ya kwenda Zambia. Hatusemi kwamba mgeni angaliweza kujua yaliyotendeka katika mabweni ya wanamichezo. Wala hatuutupi urafiki ule. Abiria wa reli ya TAZARA wanajua faida yake. Twasema tu kwamba huku kwetu wakati ule wengi walikisoma kile kijitabu chekundu kwa Kiswahili, na wachache walijiuliza ni nani anayelipa gharama yake.

Tena tusiwe wepesi wa kuwanyoshea Wachina kidole. Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila hukumu tuliitunga wenyewe mwaka 1962. Na hapa hapa Mwanza, pamoja na Shinyanga, mwaka 1976, watu waliokamatwa katika upelelezi wa mauaji yaliyohusishwa na uchawi waliteswa na baadhi yao wakafia mikononi mwa wapelelezi. Habari zilipofika juu, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mapema mwaka 1977, ijapokuwa hakumpiga mtu kwa mkono wake, na baadhi ya waliotenda wakafikishwa mahakamani. Waliokufa hawakufufuka kwa sababu hiyo. Lakini mkubwa alisema kosa ni langu, na kazi akaiacha. Kwa ajili ya Fu, Jiang na Rong, nani aliacha kazi mwaka 1968?

Mji wetu ni wa bandari. Siku zote wameingia watu wa Ukerewe, Bukoba, Musoma, Kisumu na ng'ambo ya Uganda, na katika vikao vya matawi yetu neno la kwamba fulani si wa hapa husemwa upesi kuliko linavyofikiriwa. Wako wanachama waliokipenda chama hiki kwa kuvuka maji kuja kukitumikia, na bado huulizwa walitoka wapi kabla ya kuulizwa wamefanya nini.

Mchezo wenyewe Uchina haikuutupa. Mwaka 1971 timu yake ilirudi katika mashindano ya dunia huko Nagoya, na kutoka hapo wachezaji wa Marekani wakaalikwa Beijing, nayo mipira ile midogo ikafungua njia ambayo mabalozi walishindwa kuifungua kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Uchina ikapata kiti chake Umoja wa Mataifa, na Watanzania waliokuwa ukumbini, akiwamo Balozi Salim Ahmed Salim, walishangilia kwa vifijo. Katika furaha zote hizo jina la Rong halikutajwa.

Mao alifariki mwaka 1976. Mwaka 1978 halmashauri ya michezo ya Uchina ilitoa uamuzi kwamba Rong na wenziwe wawili hawakuwa na hatia, na mwaka 1981 chama chenyewe kilitamka kwamba Mapinduzi ya Utamaduni yalikuwa kosa kubwa. Sanamu yake imesimamishwa Zhuhai, mji wa ukoo wake. Kama angaliishi, siku jina lake lilipotakaswa angalikuwa bado katika umri wa kufundisha.