Daktari Denis Burkitt na uvimbe wa taya za watoto

Mama akiambiwa hospitalini kwamba utafiti wa dawa ya saratani unakaribia kuanza, na kwamba mwanawe anaweza kuingizwa, mara nyingi hofu humpata: je, mwanangu atakuwa wa kujaribiwa tu? Ana haki ya kuuliza. Maisha ya daktari huyu yanaonyesha tafiti hizi zilitokana na nini.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi, akabadili akasomea udaktari, na jicho lake moja halikumzuia kuwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1946 alikuja kufanya kazi Uganda, kwanza Lira, kisha Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwone mvulana wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini. Burkitt hakuujua ugonjwa ule. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alitazama dirishani akamwona mtoto mwingine nje na mama yake, uso umevimba vile vile. Alipompima akakuta na uvimbe tumboni. Hapo akaanza kuhisi kwamba ni ugonjwa mmoja, na mwaka 1958 akaandika habari zake. Leo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili walisafiri kwa gari kuukuu kwa wiki 10, kilomita zipatazo 16,000, kutoka Kampala kupitia Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali kama wameuona uvimbe ule. Ulionekana zaidi kwenye joto na mvua nyingi, kule kule kwenye malaria. Vipande vya uvimbe vilivyotumwa London kutoka Uganda vilimwezesha Anthony Epstein na wenzake kugundua kirusi kipya mwaka 1964.

Lakini mama wodini hakungoja kirusi, alingoja mtoto wake apone. Upasuaji uliharibu uso na uvimbe ukarudi. Mashine ya mionzi haikuwepo. Burkitt akaanza kutumia dawa za saratani, kama methotreksati na saiklofosfamidi. Kwa baadhi ya watoto uvimbe ulinywea kwa siku chache, na wengine waliishi miaka mingi bila ugonjwa. Kwa wengine ulirudi, wakafa.

Tatizo ni kwamba alitibu mtoto mmoja mmoja, bila makundi ya kulinganisha. Dozi ngapi zinatosha? Dawa moja au mbili kwa pamoja? Kwa njia ile isingewezekana kujua kwa uhakika. Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, na mwaka 1967 kikafunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani. Hapo ndipo matibabu yalipolinganishwa kwa mpango. Kituo kile ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Burkitt mwenyewe alifariki mwaka 1993.

Utafiti wa kulinganisha huwa hivi: watoto hugawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja hupata tiba iliyozoeleka, jingine hupata tiba mpya, au ile ya zamani ikiongezwa dawa. Pale ambapo tiba ipo, mtoto haachwi bila tiba ili atazamwe tu. Kabla ya kutia sahihi, uliza: dawa hii imeshatumiwa kwa watoto? Madhara yake ni yapi? Nauli na vipimo nani analipa? Unaweza kukataa, au kujitoa katikati, na mtoto anaendelea kupata matibabu ya kawaida.

Na kama utafiti bado haujaanza, usimkalishe mtoto nyumbani kuungoja. Limfoma ya Burkitt inaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Ukiona taya limevimba, meno yanalegea bila kuoza, au tumbo linajaa haraka, mpeleke mtoto hospitali leo. Habari za utafiti mtazizungumza na daktari huko huko.