ARKIDIKONI OWEN: MCHUNGAJI ALIYEWAFUATA VIBARUA

Siku kama hii ya jubilei tunawakumbuka waliotutangulia. Tumewataja walimu wa kwaya, wapiga ngoma na mama zetu walioshona majoho ya kwanza. Yafaa pia tumkumbuke mtu mmoja ambaye hakuwa mwimbaji, lakini maisha yake yanawagusa wengi wetu wa Homa Bay na Migori: Arkidikoni Walter Edwin Owen.

Owen alizaliwa Uingereza mwaka 1878. Mwaka 1904 alitumwa na Chama cha Misheni cha Kanisa, CMS, kwenda Uganda, akatumika huko miaka mingi. Mwaka 1918 aliwekwa kuwa Arkidikoni wa Kavirondo, jina ambalo eneo letu la Nyanza liliitwa siku zile. Makanisa yake mengi yalikuwa ng'ambo ya ghuba, upande wa Maseno, Gem na Alego. Huku kwetu kusini Waadventista walikuwa wameshajenga Gendia tangu mwaka 1906. Lakini shida aliyoikuta ilikuwa moja pande zote mbili za ziwa.

Shida hiyo ilikuwa kodi na kazi. Kila boma lilidaiwa kodi ya nyumba, na vijana kodi ya kichwa, nayo ililipwa kwa fedha taslimu. Fedha hazikupatikana kijijini. Basi kijana wa Karachuonyo au wa Kanyamkago aliaga mama yake akaenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya walowezi, na baadaye kwenye chai ya Kericho iliyoanza kupandwa kwa wingi miaka ya 1920. Shingoni alining'iniza kipande ndani ya kikopo cha chuma, na bila ruhusa ya mwajiri hakuweza kuondoka. Mwaka 1921 walowezi walipunguza mshahara kwa thuluthi moja, na kodi nayo ilikuwa imepanda. Wengine walikusanywa na machifu wakapelekwa kazini kwa nguvu, na wanawake na watoto wakatolewa kutengeneza barabara.

Wamisheni wengi waliona kazi yao ni kuhubiri, kubatiza na kufundisha kusoma. Owen alifanya hayo yote. Lakini aliona pia kwamba mkristo aliyembatiza Jumapili anaweza kuchukuliwa Jumatatu, na mke na watoto wakabaki na njaa. Akaamua kwamba mchungaji hawezi kuwahesabu kondoo wakiwa zizini tu. Lazima awafuate huko waliko.

Desemba 1921 vijana waliosoma Maseno, wakiongozwa na Jonathan Okwiri, waliitisha mkutano mkubwa huko Lundha, Gem. Wazee wetu waliuita Piny Owacho, maana yake nchi imesema. Walidai kodi ipunguzwe, kambi za kazi za lazima zifungwe, na ardhi ilindwe. Mwaka 1922 Gavana Northey alikutana na watu, na baadhi ya madai yakakubaliwa: kodi ilipunguzwa na kambi zikafungwa. Owen hakuwakimbia vijana hawa, ingawa Serikali iliwaogopa. Mwaka 1923 chama chao kiligeuzwa kuwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, naye akawa rais wake.

Tuseme kweli, maana jubilei si siku ya kupaka chokaa. Wako waliosema kwamba Owen aliupoza moto wa vijana. Chini yake chama kiliandika barua na maombi kwa utaratibu, na wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya waleta tauni, kupanda miti na kuacha ulevi. Kwa wengine hayo yalionekana madogo mbele ya suala la ardhi. Lakini chama hicho kiliwafundisha watu wengi kuendesha kikao, kutunza hesabu na kudai haki bila kupiga magoti.

Wakati huohuo Owen aliiandikia Serikali na magazeti ya Kenya na Uingereza, akieleza aliyoyaona kwa macho yake. Walowezi walichukia mno. Walikichezea cheo chake kwa Kiingereza wakamwita shetani mkuu. Hakunyamaza.

Miaka ya 1930 alishika jambo lililomuuma kuliko mengi: watoto. Kwenye chai ya Kericho walichuma majani watoto wa kama miaka 10, mbali na wazazi wao. Waajiri walisema vidole vidogo vinafaa kwa kazi ile, na kwamba mtoto anapata posho na afya. Owen aliuliza shule iko wapi, na nani anamtunza mtoto usiku. Barua zake zilifika hadi Bunge la Uingereza, na mwaka 1938 Serikali ya Kenya ilibidi iunde kamati ya kuchunguza ajira ya watoto. Hakupata yote aliyoyataka. Lakini jambo lililokuwa limefichwa na miti ya chai likajulikana duniani.

Mtu huyu mkali alikuwa pia na furaha zake. Alipenda kuokota mifupa ya kale na vigae vya vyungu. Vyungu vya Urewe, ambavyo leo wanafunzi wanasoma kuwa ni alama ya wakulima wa kale wa Afrika Mashariki, vilichunguzwa naye pamoja na akina Leakey. Maandishi yao yalitoka mwaka 1948, yeye akiwa ameshalala. Alifariki mwaka 1945, hapa hapa Kenya, baada ya miaka zaidi ya 40 Afrika Mashariki.

Kwa nini tumweke ndani ya kijitabu cha kwaya? Kwa sababu wako kati yetu waliozaliwa kambini Kericho au Sotik, na wako ambao baba zao walikata miwa Muhoroni na Awendo. Wengi walijifunza nyimbo za kwanza kwenye ibada ya vibarua, chini ya mti au ndani ya chumba kimoja cha kambi. Na hata leo, msimu wa miwa na wa tumbaku ukifika, madawati ya shule ya Jumapili hupungua, nasi twajua watoto wako wapi.

Tunapoimba leo, tuimbe kwa shangwe, Bwana ametutendea makuu. Lakini Jumatatu tumfuate yule asiyekuja mazoezini kwa sababu yuko shambani. Tuulize kama amelipwa. Tuulize kama mtoto wake yuko darasani. Waraka wa Yakobo sura ya 5 unatuambia kwamba kilio cha wavunaji walionyimwa ujira wao humfikia Mungu. Basi na sisi tusiwe na masikio ya noti za muziki tu.

Mungu aibariki kwaya yetu, na azibariki jamaa zote zilizo safarini kutafuta riziki. Amina.