Roosevelt: Mfugaji aliyesafiri kwa mabehewa ya vigogo, kisha akawabana

MKULIMA wa pamba wa Songwa, wilayani Kishapu, anaweza kupanda kwa wakati, akapalilia na kupiga dawa inavyotakiwa, lakini mwisho wa msimu faida yake ikaliwa njiani. Mzigo ukishatoka shambani, anayepanga bei ya kuusafirisha si yeye. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye ng'ombe, na kwa mwenye duka anayeagiza bidhaa kutoka Dar es Salaam.

Kilio hicho kilisikika kwa nguvu nchini Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita, enzi ambazo malori hayakuwapo na kila gunia lilitegemea reli. Aliyekisikiliza alikuwa rais aliyewahi kufuga ng'ombe na kupata hasara kubwa: Theodore Roosevelt. Asichanganywe na Franklin Roosevelt, ndugu yake wa mbali aliyetawala wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Jambo la ajabu katika maisha yake ni kwamba aliwafikisha wenye reli mahakamani huku akisafiri bure ndani ya mabehewa yao ya kifahari. Na alipomaliza urais, alipanda treni maalumu ya serikali hapa hapa Afrika Mashariki.

Roosevelt alizaliwa jijini New York tarehe 27 Oktoba 1858 katika familia yenye fedha. Utotoni alisumbuliwa sana na pumu. Alimaliza Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1880 na punde akaingia katika siasa za jimbo lake.

Septemba 1883 alipanda treni ya kampuni ya Northern Pacific hadi Dakota, kwenye nyika za magharibi, kuwinda nyati wa huko. Aliipenda nchi hiyo, na kabla ya kurudi nyumbani aliacha hundi ya dola 14,000 anunuliwe ng'ombe. Miezi michache baadaye, tarehe 14 Februari 1884, mama yake na mkewe walifariki siku moja, ndani ya nyumba moja. Alimwacha mtoto mchanga kwa dada yake, akarudi Dakota kuishi na mifugo.

Jirani yake huko alikuwa tajiri wa Kifaransa, Marquis de Morès, aliyeanzisha mji akauita Medora, jina la mkewe. Bwana huyo alikuwa na wazo ambalo mfugaji yeyote wa Shinyanga atalielewa mara moja. Badala ya kusafirisha ng'ombe hai maelfu ya kilomita, wakikonda na wengine kufia njiani, kwa nini wasichinjwe palepale malishoni? Alijenga machinjio kando ya reli na kupeleka nyama mashariki katika mabehewa yenye barafu.

Mwaka 1886 biashara hiyo ilikufa. Wanunuzi walipenda nyama ya ng'ombe walionenepeshwa kwa mahindi kuliko ya waliokula majani. Zaidi ya hapo, wachinjaji wakubwa wa Chicago walikuwa na uelewano na makampuni ya reli ambao mgeni hakuwa nao.

Roosevelt naye hakudumu. Kiangazi cha mwaka 1886 kilikuwa kikavu, na nyika ilikuwa imejaa mifugo kupita uwezo wake. Majira ya baridi yalipofika, theluji ilifunika nyasi kwa miezi. Ng'ombe walikufa kwa makundi, na yeye alipoteza zaidi ya nusu ya mifugo yake. Alikuwa ameweka kule karibu dola 80,000, sehemu kubwa ya urithi wake, na nyingi hazikurudi. Alirudi kwenye siasa akiwa amepungukiwa fedha, lakini akijua jambo ambalo wanasiasa wengi wa mjini hawakulijua: mzalishaji anavyomtegemea mwenye reli.

Baada ya hapo alipanda ngazi haraka. Mwaka 1898 alipigana Cuba, akarudi na sifa za vita, akawa gavana wa New York, na Machi 1901 akaapishwa kuwa makamu wa Rais William McKinley.

Septemba mwaka huohuo McKinley alipigwa risasi mjini Buffalo. Madaktari walidhani amepata nafuu, na Roosevelt akaenda zake mlimani na familia. Tarehe 13 mjumbe alimfuata huko kumweleza kwamba hali imekuwa mbaya. Alisafiri usiku kucha kwa gari la farasi katika njia za matope, na alfajiri akafika stesheni ndogo ya North Creek. Treni maalumu ilikuwa inamsubiri, na hapo stesheni ndipo alipoambiwa kwamba rais amekwisha kufa. Aliapishwa Buffalo alasiri hiyo, akiwa na umri wa miaka 42. Hakuna aliyepata kuwa rais wa nchi hiyo akiwa kijana kuliko yeye.

Ili kuelewa kilichofuata, ni lazima kujua behewa binafsi lilikuwa kitu gani. Mkubwa wa kampuni ya reli Marekani hakukaa na abiria. Alikuwa na behewa lake lenye chumba cha kulala, jiko na mpishi, meza ya kulia, dawati la kazi, na kibaraza nyuma cha kukagulia njia. Lilifungwa mkiani mwa treni yoyote, na likikatwa stesheni linageuka ofisi. Kwa wenye fedha halikuwa anasa tu, kwa maana mikataba mingi ilimalizwa humo.

Wakubwa hao waliazima mabehewa kwa wanasiasa na kugawa vibali vya kusafiri bure kwa wabunge, mahakimu na wahariri wa magazeti. Vibali hivyo havikuwa sadaka, kwa kuwa mwenye kupewa alitarajiwa kukumbuka.

Mkulima alipata upande wa pili. Nauli za mizigo zilipangwa na kampuni, na palipokuwa na reli moja hapakuwa na pa kukimbilia. Wateja wakubwa, kama kampuni ya mafuta ya Standard Oil, walirudishiwa kwa siri sehemu ya nauli waliyolipa. Wachinjaji wakubwa walimiliki wenyewe mabehewa ya barafu, na mkulima wa matunda alijikuta akilipishwa gharama ya barafu wanayoitaja wao. Akikataa, matunda yanaoza stesheni.

Februari 1902 serikali ya Roosevelt ilitangaza kuishitaki Northern Securities, kampuni hodhi iliyoundwa na mabwana J. P. Morgan, James J. Hill na E. H. Harriman ili kuziweka pamoja reli kubwa za kaskazini-magharibi. Mojawapo ilikuwa Northern Pacific, ileile iliyompeleka Dakota. Morgan alikwenda Ikulu kutaka jambo hilo limalizwe kwa mazungumzo, akakataliwa. Machi 1904 Mahakama ya Juu iliamua kampuni hiyo ivunjwe, kwa kura 5 dhidi ya 4.

Kesi hiyo ikiwa bado mahakamani, mwaka 1903, rais alifunga safari ya wiki 8. Alipita majimbo 25 na kusafiri zaidi ya kilomita 22,000, kwa treni maalumu ya mabehewa 6. Behewa lake liliitwa Elysian, na kutoka kibarazani mwake alihutubia wakulima katika vistesheni visivyo na hata duka. Kwa desturi ya wakati ule, waliogharimia safari za rais walikuwa makampuni ya reli yenyewe. Isitoshe, mwaka uliofuata Harriman alichangisha fedha za uchaguzi wake. Wapinzani walilipigia kelele suala hilo, na kusema kweli walikuwa na hoja.

Jibu lilikuja mwaka 1906. Roosevelt aliusukuma bungeni muswada ulioitwa Hepburn, ambao Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 346 dhidi ya 7, na Seneti kwa 71 dhidi ya 3 baada ya mvutano wa miezi kadhaa. Aliutia sahihi tarehe 29 Juni. Tangu hapo tume ya serikali, mkulima au mfanyabiashara akilalamika, ilikuwa na uwezo wa kuchunguza nauli na kuweka kiwango cha juu ambacho kampuni haiwezi kukivuka. Mabehewa binafsi ya barafu na kampuni za mabehewa ya kulala ziliwekwa chini ya tume hiyo. Vitabu vya hesabu vya reli vilianza kukaguliwa.

Sheria hiyohiyo ilipiga marufuku vibali vya kusafiri bure, isipokuwa kwa watu wachache waliotajwa. Swali likazuka papo hapo: rais naye atasafirije? Mwaka huohuo Bunge lilitenga dola 25,000 kwa mwaka kwa ajili ya safari zake. Mshahara wake wote ulikuwa dola 50,000, kwa hiyo raia wa kawaida angeweza kupiga hesabu na kuona zawadi ya wenye reli ilikuwa na thamani gani miaka yote ile.

Sheria haikumaliza matatizo. Wakulima wengine walitaka serikali ichukue reli zote, jambo ambalo Roosevelt hakulikubali. Wenye reli kwa upande wao walidai kwamba amewanyima fedha za kujenga njia mpya, na ubishi huo uliendelea kwa miaka mingi.

Alitoka madarakani Machi 1909, na wiki chache baadaye, tarehe 21 Aprili, meli ilimteremsha Mombasa katika mvua kubwa akiwa na mwanawe Kermit. Kaimu Gavana Frederick Jackson alikuwa amemwandalia treni maalumu ya Reli ya Uganda. Kwa saa nyingi za mchana mgeni hakukaa ndani. Walimwekea benchi mbele kabisa ya kichwa cha treni, juu ya chuma cha kusukuma wanyama njiani. Kutoka hapo aliona twiga na pundamilia wa nyika za Tsavo na Athi, akiwa pamoja na Jackson na mwindaji Frederick Selous. Alishuka stesheni ya Kapiti, ambako wapagazi wapatao 200 walikuwa wakimngojea.

Reli hiyo haikuwa mchezo. Iliwaleta Wahindi zaidi ya 30,000 kuijenga, na karibu 2,500 walikufa. Hata behewa la mkubwa halikuwa salama: mwaka 1900 afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alikuwa amelala katika behewa lake la kazi stesheni ya Kima, akimvizia simba mla watu. Simba ndiye aliyeingia ndani na kutoka naye dirishani. Behewa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi.

Kwa watu wa Usukuma, treni ya Mombasa ilikuwa njia yao pia. Kabla reli kutoka Tabora haijafika Mwanza mwaka 1928, ngozi, karanga na pamba za huku zilivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, kisha zikapanda reli ileile aliyoipanda Roosevelt. Mengi ya hayo hakuyaona. Yeye aliziangalia nyanda za juu za Kenya kama nchi ya kukaa wazungu, na mkulima Mwafrika aliyelipa kodi ya kichwa na kibanda hana nafasi kubwa katika maelezo yake ya safari. Mtu aliyewatetea wakulima wa Dakota dhidi ya reli hakuuliza nauli ya gunia la Mkamba ni kiasi gani.

Safari hiyo ilifadhiliwa na wachangiaji, akiwemo tajiri Andrew Carnegie, na sehemu yake mwenyewe aliilipia kwa dola 50,000 alizopewa na wachapishaji wa Scribner's kwa makala zake. Yeye na Kermit waliua wanyama 512. Wakapitia Uganda na kuteremka Mto Nile, wakafika Khartoum Machi 1910.

Mwaka 1912 aligombea tena urais kwa chama kipya. Tarehe 14 Oktoba, mjini Milwaukee, alipigwa risasi kifuani. Karatasi za hotuba zilizokunjwa mfukoni pamoja na kasha la miwani vilipunguza nguvu ya risasi. Alihutubia kwa zaidi ya saa nzima shati likilowa damu, na usiku huo akasafirishwa kwa behewa lake hadi hospitali ya Chicago. Uchaguzi alishindwa. Risasi haikutolewa, akaishi nayo hadi alipofariki usingizini nyumbani kwake, Oyster Bay, tarehe 6 Januari 1919, akiwa na miaka 60.

Sehemu ya malisho aliyofugia Dakota sasa ni hifadhi ya taifa yenye jina lake. Ama zile reli za Morgan na Hill alizozitenganisha mahakamani mwaka 1904, wamiliki wake waliendelea kuomba ruhusa ya kuziunganisha. Mwaka 1970, kwa idhini ya tume ileile aliyoipa meno, ziliungana.