Mekatilili wa Menza: Shujaa Asiye na Jumba

Msafiri aondokaye Kibarani, karibu na mji wa Kilifi, akaelekea kaskazini hadi Malindi, hupokelewa na mji uliozoea wageni. Aghalabu huelekezwa kwenye Jumba la Nguzo, nyumba ya karne ya 19 iliyo mkabala na bahari, ambayo sasa ni makumbusho. Ziara hiyo ina faida yake, nasi hatuidharau. Hata hivyo, mmojawapo wa watu mashuhuri kabisa katika historia ya eneo hili hakuwa na jumba. Makao aliyoyapigania yalikuwa kaya, kijiji kitakatifu kilichozungukwa na msitu.

Alizaliwa katikati ya karne ya 19 miongoni mwa Wagiriama, akaitwa Mnyazi wa Menza. Alipojifungua mwana aliyeitwa Katilili, akawa Mekatilili, yaani mama yake Katilili. Masimulizi ya wazee yanaeleza kwamba angali msichana alishuhudia ndugu yake akitekwa na wafanyabiashara wa watumwa. Kwa hivyo, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipodai vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi, alikuwa amekwisha kuonja uchungu wa nyumba iliyopokonywa mtoto.

Mwaka 1913, afisa wa serikali Arthur Champion alikuwa akikusanya kodi na kutafuta vibarua. Mekatilili, wakati huo mjane, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga. Watu walimfuata kwa ngoma, wakabaki kusikiliza hoja. Inasimuliwa kwamba katika baraza moja alimletea afisa huyo kuku na vifaranga, akamtaka achukue kifaranga kimoja; kuku akamdonoa. Somo halikuhitaji mkalimani. Kisha umma ulikusanyika Kaya Fungo, ukala viapo vya kutoshirikiana na serikali: wanawake kiapo cha mukushekushe, wanaume kile cha fisi.

Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadori, wakahamishiwa magharibi mwa Kenya. Mwaka uliofuata walitoroka na kurejea kwao, umbali unaozidi kilomita 600, na masimulizi yanashikilia kwamba walikwenda kwa miguu.

Agosti 1914 serikali iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Hapa ndipo mwanafunzi wa historia anapopaswa kutua na kutafakari. Dola iliyokuwa na bunduki na meli za kivita iliona makao ya miti na makuti kuwa tishio linalostahili baruti, kwa sababu ndani yake watu walikuwa wameafikiana. Vita vilizuka. Wagiriama walishindwa, wakatozwa faini ya rupia 100,000, wakaondolewa kwenye ardhi yao kaskazini mwa Mto Sabaki. Mekatilili alikamatwa tena, akapelekwa uhamishoni. Aliporudi mwaka 1919 aliishi tena kayani, akawa kiongozi wa baraza la wanawake. Alifariki mwaka 1924, akazikwa Bungale, Magarini.

Mwaka 2008 misitu ya kaya za Mijikenda iliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia, na mwaka 2010 sanamu ya Mekatilili ilizinduliwa mjini Malindi. Heshima hizo ni haki yake. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake, tangu utoto hadi kisa cha kuku, imehifadhiwa vinywani mwa wazee, wala si katika majalada ya serikali iliyomfunga. Hilo ni deni letu sisi tusomao fasihi simulizi. Jumba la mawe likipasuka, fundi huitwa akaliziba ufa. Mzee akifariki kabla ya kusikilizwa, hakuna fundi wa kuitwa. Basi tuzurupo Malindi, tukishatoka makumbusho, tusione taabu kuendelea bara hadi kayani, tukaketi na kuwasikiliza wazee.